Mvua ya Usiku Ziwani: Kutunga Kipande cha Piano Ambacho Mikono Miwili Itakiweza

Programu ya kuandikia noti hupiga chochote unachoiandikia. Iandikie mkono mmoja noti 25 kwa sekunde, itazipiga. Mwambie mkono wa kushoto ushike C ya chini kabisa pamoja na E iliyo oktava mbili juu yake, haitalalamika. Ndiyo maana vipande vingi vya "dhoruba" na "maporomoko" hupendeza kwenye spika, halafu hufa siku mtu anapoketi kwenye kiti cha piano. Hapa tutakwenda kinyume: tutaanza na mkono, ndipo tuitafute mvua.

Mfano tutakaoujenga ni wa dakika tatu: mvua ya usiku ya Ziwa Victoria, Nalubaale la Waganda, kama inavyosikika kutoka Entebbe au Ggaba. Usiku maji ya ziwa hubaki na joto huku nchi kavu ikipoa. Pepo kutoka pande zote hukutana juu ya maji, hewa hupanda, na wingu hujengeka wakati watu wamelala. Tunamlenga mpigaji wa kawaida, aliyejifunza miaka mitatu au minne na anayesoma noti, bila kuwa bingwa.

Majina ya noti: C4 ni C ya kati, C5 iko oktava moja juu yake, C3 oktava moja chini. Vidole vina namba, gumba ni 1 na kidole cha mwisho ni 5, kwa mikono yote miwili.

Pima mkono

Tandaza kiganja juu ya rula bila kukilazimisha, kisha pima kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Kwenye piano ya kawaida, kutoka katikati ya C hadi katikati ya C inayofuata ni kama sentimita 16.5. Kutoka C hadi D iliyo juu ya oktava ni 18.8, na hadi E ni 21.2. Lakini kufika si kupiga. Kidole kinachogusa ukingo tu wa kibao hupiga na jirani yake, au hupiga kwa sauti iliyokonda. Ongeza sentimita 2 za raha juu ya kila kipimo. Mwenye mtandazo wa sentimita 19 basi anaipiga oktava vizuri, noti ya tisa kwa taabu, na ya kumi aisahau.

Tunga kwa ajili ya mkono wa sentimita 19 hata kama wako ni wa 23. Anayetaka kukipiga kipande chako huenda ni msichana wa shule ya sekondari, na hakuna mazoezi yanayorefusha mifupa.

Ndani ya oktava nako kuna mitego. Kidole cha 4 kimefungwa kwa kano pamoja na jirani zake, hivyo hakiinuki peke yake kwa urahisi. Ukiandika noti mbili za kupishana haraka mahali ambapo 4 na 5 ndivyo vidole pekee vilivyo huru, utapata mlio wa kusuasua na maumivu ya kigasha. Kazi hiyo wape 2 na 3, au 1 na 3.

Kasi nayo ina hesabu yake: mapigo kwa dakika, zidisha kwa noti katika kila pigo, gawanya kwa 60. Kwa mwendo wa 72 na noti nne katika pigo unapata 4.8 kwa sekunde. Mpigaji wetu yuko salama hadi kama 5 kwa mkono mmoja. Kati ya 5 na 8 anahitaji umbo linalokaa vizuri chini ya vidole, na wiki kadhaa za mazoezi. Zaidi ya 8, mikono igawane kazi au iwe ni mmweko mfupi tu.

Jua chombo kitakachopigiwa

Piano nyingi utakazozikuta kwenye shule na makanisa ni za kusimama wima. Katika hizo, kibao lazima kipande karibu hadi juu ndipo nyundo iwe tayari kupiga tena, kwa hiyo kibao kimoja hakirudiwi zaidi ya mara 7 hivi kwa sekunde. Piano ndefu ya kulala ina mtambo wa kurudia uliobuniwa na Sébastien Érard na kupewa hataza mwaka 1821. Ule hudaka nyundo katikati ya safari, na marudio hukaribia mara 14. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba huongeza unyevu, mbao na kitambaa cha ndani huvimba, na vibao vya piano ya wima huanza kurudi polepole. Kipande kinachotegemea noti moja kurudiwa haraka kitashindwa hasa katika majira ya mvua unayoyaimbia. Kejeli hiyo iepuke.

Kuna pia kinanda cha umeme cha vibao 61, ambacho huenda ndicho kitakachopatikana. Kinaanzia C2 na kuishia C7. Piano kamili ina vibao 88. Andika sauti kuu ya kipande ndani ya vibao 61, na mahali ambapo piano kubwa ingekupa zaidi, weka njia mbadala kwa maandishi madogo juu ya mstari. Baadhi ya vinanda hivyo havitofautishi kidole kizito na chepesi, kila noti hutoka kwa nguvu ileile. Ongezeko la sauti basi lijengwe pia kwa idadi: noti moja, kisha mbili pamoja, kisha oktava. Kipande kilichojengwa hivyo kitakua hata kwenye kinanda kibovu.

Pedali ya katikati usiiandikie chochote. Kwenye piano nyingi za wima kazi yake ni kushusha kitambaa cha kunyamazisha wakati wa mazoezi.

Chagua kinachogonga

Mtu akiambiwa atunge kuhusu maumbile ya Uganda, wazo la kwanza huwa maporomoko ya Murchison: Nile nzima ikijibana kwenye ufa wa mita 7 hivi na kuanguka mita 43. Kwa piano ni chaguo baya. Maporomoko ni sauti isiyokatika, na piano haina sauti isiyokatika. Kila noti huanza kufa mara tu nyundo inapogusa waya. Ili uigize maji yale utalazimika kupiga bila kukoma, na baada ya dakika moja mikono imekufa na msikilizaji amechoka.

Chagua vitu ambavyo asili yake ni kugonga na kunyamaza. Matone, vyura, nyenje, mvua juu ya mabati, mtama unaopepetwa kwenye ungo. Hivyo ni piano tayari.

Toka na simu, rekodi dakika kumi, ukiiweka mbali na upepo. Usijaribu kunakili sauti yenyewe. Noti ya juu kabisa ya piano, C8, ni hezi 4186 hivi, na ndege wadogo wengi huimba juu ya hapo. Tafuta sheria inayoendesha sauti: inapanda au inashuka? Vituo vyake viko sawa au vinabadilika? Ni chanzo kimoja au vingi visivyosikilizana? Audacity, programu ya bure, inaweza kuicheza rekodi kwa nusu ya kasi. Sauti hushuka oktava moja, na umbo ambalo sikio lililikosa huonekana wazi. Andika sheria moja kwa kila kiumbe, sentensi moja tu. Ukihitaji sentensi tatu, umechagua sauti isiyofaa.

Sheria zetu ni hizi. Kila chura ana noti yake na nafasi yake. Umeme huja kabla ya ngurumo, na pengo hupungua wingu linapokaribia. Mvua ni matone mengi yasiyosubiriana. Matone ya mwisho hupishana kwa nafasi inayokua. Kekeo kifua-chekundu, yule ndege anayesikika sana majira ya mvua, huita kwa noti tatu zinazoshuka, tena na tena.

Mifupa ya kipande

Mwendo ni mapigo 72 kwa dakika, mapigo manne katika kipimo, yaani kila kisehemu kati ya mistari miwili ya wima ya noti. Dakika tatu ni mapigo 216, yaani vipimo 54. Vigawe hivi kabla ya kuandika noti hata moja:

1–8: vyura
9–16: umeme na ngurumo za mbali
17–22: matone ya kwanza
23–38: mvua juu ya mabati
39–44: dhoruba
45–50: matone ya mwisho
51–54: kekeo

Mwendo hauongezeki popote. Wanaoanza huandika "haraka zaidi" mvua inapofika, na hapo ndipo mpigaji huvunjika. Tutapata haraka kwa njia nyingine.

Noti zetu ni C, D, E, G, A. Yeyote aliyesikia amadinda, marimba ya mbao ya Buganda, ataona kwamba noti hizi si zake. Amadinda huigawa oktava katika hatua tano zinazokaribiana kwa ukubwa, kila moja senti 240 hivi (oktava nzima ni senti 1200), huku piano ikikupa hatua za senti 200 na 300 tu. Usidai umeileta amadinda kwenye piano. Kuna kitu kingine cha amadinda tutakachokiazima, na hicho kinahamia bila kupoteza chochote.

Vyura watatu, mkono mmoja

Mkono wa kulia unakaa mahali pamoja kwa vipimo vinane: kidole 1 kwenye E5, kidole 2 kwenye G5, kidole 5 kwenye C6. Hausogei. Kila kidole ni chura.

Hesabu kwa nusu pigo, nane katika kipimo. Chura wa E analia kila baada ya nusu pigo 3, wa G kila baada ya 4, wa C kila baada ya 5. Wote huanza pamoja. Kipimo cha kwanza kinakuwa hivi: nafasi ya 1 wote watatu, ya 4 E, ya 5 G, ya 6 C, ya 7 E. Kipimo cha pili: ya 1 G, ya 2 E, ya 3 C, ya 5 E na G pamoja, ya 8 E na C pamoja. Endelea mwenyewe kwa penseli, safu moja kwa kila chura.

Mzunguko huu unarudi mwanzo baada ya nusu pigo 60, yaani vipimo saba na nusu. Hiyo nusu ya kipimo cha nane inayobaki usiijaze. Vyura hunyamaza ghafla wanapohisi kitu, na hesabu imekupa kimya hicho bure.

Tatizo la hapa ni kusoma, maana vidole havina shida yoyote. Chora mstari mwembamba katikati ya kila kipimo ili jicho lione pigo la tatu liko wapi, na usiunganishe noti kwa mkia unaovuka mstari huo. Piga kwa kudonoa, bila pedali. Pedali itawageuza vyura kuwa kengele.

Umeme, halafu uhesabu

Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo kila kilomita ni sekunde 3 hivi. Kwa mwendo wa 72, sekunde 3 ni mapigo 3.6. Umeme ulio kilomita 3 unapewa pengo la mapigo 11, wa kilomita 2 mapigo 7, wa kilomita 1 mapigo 4.

Umeme wa kwanza uwe pigo la 1 la kipimo cha 9, na ngurumo yake pigo la 4 la kipimo cha 11. Umeme wa pili pigo la 1 la kipimo cha 13, ngurumo pigo la 4 la 14. Wa tatu pigo la 1 la 16, na ngurumo inaangukia pigo la 1 la kipimo cha 17, palepale matone yanapoanza. Msikilizaji hatahesabu, lakini atajua wingu linakuja.

Umeme ni mkono wa kulia: B5, C6 na F6 kwa pamoja, vidole 1, 2 na 5, mfupi sana. B na F hazimo katika noti zetu tano, ndiyo maana zinakata. Ngurumo ni mkono wa kushoto: C2 na D flati ya jirani yake pamoja, vidole 5 na 4, kisha 4 kinaachia na mkono unatetemesha kati ya C2 (kidole 5) na G2 (kidole 1). Kwenye piano ya vibao 88, njia mbadala ni kuyashusha yote oktava moja.

Kwa nini G na si C ya oktava? Kutetemesha huendeshwa na kigasha kinachozunguka, kama mtu anayefungua kitasa. Mkono uliotandazwa hadi oktava umekaza misuli tayari, na msuli uliokaza hauzunguki. Ngurumo mbili za kwanza zidumu mapigo 3 au 4 na kufifia. Vipimo vilivyobaki kati yake viwe vitupu, au mrudishe chura mmoja, wa E, kwa nafasi zisizotabirika. Wengi huogopa kimya hiki na kukijaza upepo. Kiache.

Vipimo 17 hadi 22 havihitaji maelezo mengi: mkono wa kulia noti moja moja, A4, C5, D5, kwa kupapasa, mbili katika kipimo cha 17, kisha tatu, nne, hadi saba katika kipimo cha 22. Mkono wa kushoto umalizie ngurumo ya tatu, upumzike, na ujiweke mahali pake kwa kinachofuata.

Mabati

Wapigaji wawili wa amadinda huketi wakitazamana, mbao 12 zikiwa katikati yao. Wa kwanza hupiga mfululizo wake kwa nafasi sawa, wa pili huingiza wake katika mapengo. Hakuna kati yao anayekwenda mbio, lakini kinachosikika kinakwenda mara mbili ya mkono wowote, na sikio husikia nyimbo ambazo hakuna mmoja wao anayezipiga peke yake. Hilo ndilo tunaloazima. Ni jibu kamili kwa swali la jinsi ya kuandika mvua kubwa kwa mikono isiyo ya bingwa.

Kwenye piano kuna shida moja ambayo amadinda haina. Mikono yote inatoka upande mmoja, na ikishiriki vibao vilevile itapandana. Zaidi ya hapo, mkono wa pili ukifika kwenye kibao ambacho wa kwanza hajakiachia, hakuna sauti. Kwa hiyo ifanye mikono majirani, kila mmoja na shamba lake:

Kushoto: D4, E4, G4, kwa vidole 3, 2, 1.
Kulia: A4, C5, D5, kwa vidole 1, 2, 3.

Magumba yanakaa kando kwa kando kwenye G na A. Hakuna kibao cha pamoja.

Mkono wa kulia unapiga kila nusu pigo, juu ya pigo lenyewe na katikati yake: A, C, D, A, C, D, bila kukoma. Wa kushoto nao kila nusu pigo, lakini umechelewa robo pigo, na mzunguko wake ni wa nne: G, E, D, E. Kila mkono unapiga noti 2.4 kwa sekunde, mwendo wa mtoto. Kinachosikika ni 4.8. Na kwa kuwa mmoja una mzunguko wa tatu na mwingine wa nne, mchanganyiko haujirudii hadi nusu pigo 12, yaani mapigo 6. Sikiliza kwa makini na utasikia A na G zikijitenga kama wimbo wa tatu.

Vipimo 23 hadi 28 ni mapigo 24, mizunguko minne kamili. Piga kwa upole. Vipimo 29 hadi 34 ni mizunguko mingine minne, na hapa mkono wa kulia unaongeza noti ya juu: A pamoja na D, C pamoja na E, D pamoja na G. Sauti inakua hata kwenye kinanda kisichojua nguvu. Vipimo 35 hadi 38 ni mapigo 16, mizunguko miwili na mapigo manne ya ziada. Usilazimishe mzunguko wa tatu uingie. Yale mapigo manne, kipimo chote cha 38, ndiyo njia ya mkono wa kushoto kushuka: anyamaze kwa mapigo mawili, asafiri, na awe ameshatua kwenye C2 na G2 kabla ya kipimo cha 39. Wa kulia unaendelea peke yake.

Hii ni kanuni ya kushika kokote: mruko unaozidi oktava upewe angalau pigo zima, na mikono miwili isiruke kwa pande tofauti kwa wakati mmoja. Macho ni jozi moja.

Makosa ya sehemu hii ni matatu. La kwanza ni mkono wa kushoto kuvutwa na wa kulia hadi ikapiga pamoja. Dawa yake ni kujizoeza kwa mwendo wa 40, ukisema "mvu-a, mvu-a", silabi ya kwanza kulia, ya pili kushoto. La pili ni kubonyeza mno. Matone hayabonyezi. Inua kidole mara tu sauti inapotoka. La tatu ni pedali iliyokanyagwa moja kwa moja, ambayo hugeuza mabati kuwa uji. Bila pedali kabisa, au nusu ya kina huku ukibadilisha kila pigo.

Dhoruba

Vipimo sita tu. Dhoruba ndefu ndiyo kosa la kawaida kuliko yote katika vipande vya aina hii, na gharama yake hulipwa na kigasha.

Katika vipimo 39 hadi 42 mkono wa kushoto unatetemesha C2 na G2. Mapigo 16 kwa mwendo wa 72 ni sekunde 13.3. Usizidishe hapo. Baada ya sekunde 15 hivi mpigaji wetu huanza kuinua bega, na bega likiinuka mzunguko wa kigasha hufa na ngurumo hugeuka kugongagonga. Juu yake mkono wa kulia unashuka kwa oktava, moja kwa kila pigo: A4 na A5, G4 na G5, E4 na E5, D4 na D5. Rudia mara nne. Mara mbili kati ya hizo nne, unaporudi A, weka umeme ule wa B, C na F badala ya oktava ya kwanza. Umeme uko juu, oktava inayofuata iko chini yake, na mkono una pigo zima la kushuka.

Vipimo 43 na 44 mkono wa kushoto unaachia ngurumo na kupanda, ukitumia mapigo mawili ya kwanza, huku wa kulia ukishikilia oktava ya D. Kwenye mapigo sita yanayobaki, mikono inapokezana: kulia C5 na E5 pamoja, kushoto D4 na G4 pamoja, kulia, kushoto, noti nane katika pigo. Ni 9.6 kwa sekunde kwa jumla, lakini kila mkono unatoa 4.8, kwa kifundo kilicholegea kama anayepiga ngoma kwa vidole. Sekunde tano. Kama bado hakitoki baada ya wiki mbili, punguza iwe noti sita katika pigo, na hakuna atakayegundua. Pigo la mwisho likatwe kavu, pedali juu.

Kutona na kekeo

Matone ya mwisho ni mkono wa kulia peke yake, kidole kimoja, C7 au A6. Mapigo ya vipimo 45 hadi 50 ni 24. Weka tone kwenye pigo la 1, 3, 6, 10, 15 na 21. Nafasi zinakua 2, 3, 4, 5, 6. Noti za juu kabisa za piano, kama oktava moja na nusu, hazina kitambaa cha kuzizima, hivyo zitabaki zikilia zenyewe baada ya kidole kuondoka. Waachie waya kazi hiyo. Kwenye kinanda cha umeme shikilia kibao mapigo mawili.

Hesabu hapa ni ngumu kuliko inavyoonekana, kwa sababu hakuna kinachosikika cha kukushika mkono. Wapigaji hufupisha nafasi ya 6 bila kujua. Andika namba za mapigo juu ya mstari na usione haya.

Kipimo cha 51: kekeo, A5, G5, E5, noti tatu za nusu pigo, imara, kama anayeita kutoka mti wa jirani. Kipimo cha 52 kitupu. Cha 53, mwito uleule, nguvu ileile. Usipunguze mwendo wala sauti. Ndege hajui kwamba kipande kinaisha. Kipimo cha 54, nafasi ya 4: E5 moja, fupi, yule chura wa kwanza.

Kuandika na kupima

MuseScore, programu ya kuandikia noti, ni ya bure na inatosha. Andika vipimo vinne kwa mstari na uweke namba ya kidole kila mkono unapohama, si juu ya kila noti. Mgawanyo wa kurasa uwe huu: ukurasa wa kwanza uishie kipimo cha 22, wa pili kipimo cha 44. Kwenye 22 mkono wa kushoto uko huru kugeuza, na baada ya 44 wa kulia unadondosha tone moja tu huku wa kushoto ukigeuza karatasi.

Kisha zima spika za kompyuta. Kipande kipimwe kwenye vibao, kwa utaratibu huu:

1. Kila mkono peke yake, mwendo wa 50, kipande chote. Weka alama ya X kila unapolazimika kutazama chini.
2. Sehemu ya vipimo 23 hadi 44 mara tatu mfululizo bila kupumzika. Kigasha kikiwaka moto au kidole cha mwisho kikifa ganzi, simama. Noti ndizo zenye kosa. Punguza mtetemo wa dhoruba kwa kipimo kimoja, ujaribu tena siku nyingine.
3. Mikono pamoja kwa 60, halafu 66, halafu 72. Mahali panapovunjika kwa 66 hapatapona kwa mazoezi ya 72.
4. Mpe mtu mwenye mkono mdogo kuliko wako, bila maelezo. Angalia wapi anabadilisha vidole ulivyoandika. Mara nyingi vidole vyake ni bora, na hivyo ndivyo vya kuandikwa.
5. Kijaribu kwenye chombo cha pili cha aina tofauti. Kilichoandikwa kwenye kinanda chepesi cha umeme huwa kizito ajabu kwenye piano ya zamani ya kanisa, na hapo ndipo unajua kama zile noti nane katika pigo zibaki nane au ziwe sita.

X zikizidi kumi katika kipande chote, rudi kwenye mifupa. Huenda kuna mruko uliowekwa kwa sababu ulipendeza kwenye karatasi. Uondoe, na kimya ukiweke mahali pake.